Melini Ulipie Nini cha Ziada? Mwongozo wa Migahawa na Burudani za Kulipia Katika Meli za Kitalii

Anayenunua tiketi ya meli ya kitalii huwa amekwisha kununua chakula. Nauli yake hubeba chumba, ukumbi mkuu wa kulia, bafe, piza, chai na kahawa ya kawaida, maonyesho ya usiku na mabwawa ya kuogelea. Hata hivyo, wiki chache kabla ya safari, barua pepe huanza kumiminika zikimkumbusha kwamba bado kuna mgahawa wa steki, meza ya mpishi mkuu, ziara ya nyuma ya pazia, pasi ya spa na kifurushi cha vinywaji, na kwamba bei itapanda akichelewa. Mwongozo huu unapanga vitu hivyo kuanzia kile kinachostahili zaidi fedha za msafiri hadi kile kinachostahili kidogo. Nimeuandika nikizingatia hasa meli kubwa zinazong'oa nanga Miami na bandari nyingine za Florida kuelekea Karibiani, ingawa mifano michache inatoka Southampton, Jeddah na Singapore.

Kipimo changu ni kimoja: kitu cha kulipia kikupe kile ambacho nauli haikupi. Kwa kipimo hicho, baadhi ya vitu vinavyotangazwa kwa mbwembwe nyingi huporomoka hadi mkiani.

Ulichokwisha kulipia

Kabla ya kutoa dola moja, soma kwanza menyu ya ukumbi mkuu. Katika safari za siku 7 za kampuni ya Royal Caribbean, kwa mfano, huwa kuna jioni mbili za mavazi rasmi, na desturi ni kwamba jioni ya pili kamba kochi huwamo kwenye menyu. Mkia wa kwanza haulipiwi, wa ziada ndio hutozwa. Msafiri aliyeweka nafasi ya mgahawa wa kulipia jioni hiyohiyo atakuwa amelipa ili akikose chakula cha bure kilicho ghali kuliko vyote. Kwa hiyo muulize mhudumu wako siku ya kwanza jioni hizo zinaangukia lini, kisha ndipo upange mengine.

Kampuni nazo hazifanani. Katika meli za Carnival, Guy's Burger Joint hutoa baga na chipsi bila malipo, na foleni yake saa za mchana ni ushahidi tosha. Virgin Voyages, ambayo haichukui abiria wa chini ya miaka 18, imeingiza migahawa yake yote ya kuhudumiwa mezani ndani ya nauli. Cunard nayo, katika Queen Mary 2 iliyoanza safari mwaka 2004, huandaa chai ya alasiri katika ukumbi wa Queens Room, ambako wahudumu waliovaa glavu nyeupe hupita meza kwa meza na sandwichi ndogo, skonzi na keki, na hakuna anayetozwa. Meli hiyohiyo ina jumba la kuonyeshea nyota, la kwanza kujengwa katika meli, nalo limo katika nauli. Ndiyo maana nauli inayoonekana ghali inaweza kuwa rahisi ukishajumlisha kila kitu, na nauli ya chee ikakutoza mlo kwa mlo hadi ukajuta.

Nafasi ya kwanza: ziara ya nyuma ya pazia

Kitu ninachokiweka juu ya vyote si chakula. Ni ile ziara ya saa chache ambayo huwapitisha wageni wachache jikoni, kwenye dobi, nyuma ya jukwaa la ukumbi wa maonyesho, katika chumba cha kusimamia mitambo na, mwishoni, kwenye usukani ambako manahodha huongozea meli. Royal Caribbean huiita All Access Ship Tour, na kampuni nyingine kubwa zina ziara zao za aina hiyo kwa majina tofauti.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza ni kwamba steki utaipata nchi kavu, lakini jiko la meli hulipati kwingine. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza safari Januari 2024, huchukua wageni zaidi ya 7,000 inapojaa, pamoja na wafanyakazi wapatao 2,350, na wote hao hula mara tatu au zaidi kila siku. Ukiingia jikoni kati ya mlo na mlo utaona jinsi hilo linavyowezekana: mbao za kukatia zilizotengwa kwa rangi ili nyama mbichi isikutane na mboga, vipimajoto mlangoni mwa kila chumba cha baridi, mashine za kuoshea vyombo zenye mikanda inayotembea, na sahani ya mfano ya kila chakula cha jioni ili wapakuaji wote wapakue kwa sura moja. Ukali huo wa usafi una chanzo. Meli zinazotia nanga katika bandari za Marekani hukaguliwa kwa kushtukizwa na mpango wa usafi wa vyombo vya majini wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Alama kamili ni 100, na meli inayopata 85 au chini ya hapo huhesabiwa imeshindwa.

Utapitishwa pia katika ujia mrefu wa wafanyakazi unaokata meli kutoka mbele hadi nyuma, ambao mabaharia wa meli za Marekani huuita I-95 kwa jina la barabara kuu inayoishia Miami. Humo ndimo magodoro, matunda, masanduku na watu wa mataifa yote hupishana, na ndimo utakapoelewa kwamba juu yako kuna hoteli na chini yako kuna kiwanda. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na usishangae ukikatazwa kupiga picha sehemu fulani. Nafasi ni chache na hujaa upesi, kwa hiyo ni vyema uichukue kabla ya kupanda.

Nafasi ya pili: mgahawa wa steki, lakini mchana

Karibu kila kampuni ina mgahawa wake wa steki: Chops Grille kwa Royal Caribbean, Crown Grill kwa Princess, Cagney's kwa Norwegian, Pinnacle Grill kwa Holland America. Tofauti kati yake na ukumbi mkuu ni ya kweli. Nyama ni ya daraja la juu, huchomwa ulivyoagiza badala ya kupikwa kwa mamia kwa pamoja, na mhudumu ana meza chache za kuangalia. Ila bei ya usiku inauma. Katika meli kadhaa mgahawa huohuo hufunguliwa mchana siku ambazo meli inashinda baharini, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya usiku, na menyu yenye vyakula vingi vilevile. Mimi naona huo ndio ununuzi wa busara kuliko yote ya chakula melini.

Wenye watoto nao wana nafuu. Katika migahawa mingi ya Royal Caribbean watoto wa chini ya miaka 6 hawalipi, na wa miaka 6 hadi 12 hutozwa bei ya chini.

Hapa pana suala linalowahusu wasomaji wengi wa Kiswahili, nalo ni halali. Usidhani kwamba nyama ya meli inayotoka Florida imechinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Chukulia kwamba haikuchinjwa hivyo mpaka uambiwe vinginevyo kwa maandishi. Baadhi ya kampuni huandaa milo halali kwa maombi, lakini hutaka taarifa mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, na huduma hiyo mara nyingi huishia ukumbi mkuu bila kufika migahawa ya kulipia. Kwa asiyekula nyama hiyo, kulipa mgahawa wa steki ili aagize samaki ni hasara tupu. Afadhali achague mgahawa wa vyakula vya baharini, kama Hooked uliomo katika baadhi ya meli za Royal Caribbean, na aulize kama mchuzi umetiwa mvinyo. Ikiwa jambo hili lina uzito kwako kuliko safari yenyewe ya Karibiani, zipo meli zinazoendeshwa kwa mtazamo huo: AROYA, iliyoanza safari zake kutoka Jeddah Desemba 2024, haiuzi pombe kabisa, na Genting Dream ya Singapore ina ithibati ya halali.

Nafasi ya tatu: Palo na mingine ya watu wazima

Disney Cruise Line inajulikana kwa watoto, na kwa sababu hiyohiyo mgahawa wake wa Palo, wenye vyakula vya Kiitaliano na usioruhusu walio chini ya miaka 18, una thamani ambayo haitokani na chakula peke yake. Wazazi huwaacha watoto katika kumbi zao za michezo, ambazo zimo katika nauli, kisha huketi saa mbili bila kumkatia mtu nyama. Mlo wa kukaribia adhuhuri unaoandaliwa siku za baharini husifiwa sana, nami ningeuchagua kabla ya ule wa usiku, kwa kuwa usiku familia huzunguka katika kumbi tatu tofauti na wahudumu wao huhama pamoja nao, utaratibu ambao watoto hawapendi kuukosa. Remy, mgahawa wa Kifaransa katika Disney Dream na Disney Fantasy, ni ghali mara kadhaa kuliko Palo, na unamfaa anayefurahia kozi nyingi ndogondogo na subira ya kuzingoja.

Nafasi ya nne: meza ya mpishi mkuu

Hii ni karamu ya wageni wachache, yenye kozi tano au zaidi, ambayo bei yake aghalabu hukaribia au kupita dola 100 kwa mtu. Carnival na Princess huianzia jikoni penyewe, ambako wageni huonja vitafunio huku kazi ikiendelea pembeni yao, kabla ya kuketi mezani, na mpishi mkuu hutoka kueleza kila sahani. Ikiwa meli yako haina ziara ya nyuma ya pazia, au imejaa, karamu hii hupanda hadi nafasi ya pili. Kwa asiyekunywa pombe inashuka, kwa sababu sehemu kubwa ya unacholipia ni mvinyo unaoletwa na kila kozi, na ni nadra bei kupunguzwa kwa kuwa glasi yako ilibaki tupu. Hali ni hiyohiyo kwa Empire Supper Club ya Icon of the Seas, yenye bendi ndogo inayopiga wakati wa chakula na kokteli iliyochaguliwa kwa kila sahani.

Yanayofuata kwa mbali

Teppanyaki, ambako mpishi hupika mbele yako huku akirusha mayai na kuwasha moto ndani ya vitunguu, ni burudani nzuri mkiwa kundi, lakini onyesho ni lilelile la mjini. Le Petit Chef ya kampuni ya Celebrity, ambamo kipishi kidogo cha katuni huangaziwa juu ya meza na kuonekana kama anakupikia sahanini, huwafurahisha watoto mara ya kwanza; mara ya pili ni chakula cha kawaida kwa bei isiyo ya kawaida. Pasi ya vyumba vya mvuke na vitanda vya mawe ya moto hufaa safari za baridi kama Alaska kuliko Karibiani, ambako jua ni la bure.

Michezo nayo ipimwe kwa jicho hilohilo. Carnival, iliyoweka treni ya kwanza ya kubingirika melini, BOLT, juu ya meli yake ya Mardi Gras, hutoza kila unapopanda, na Norwegian hutoza mbio za magari madogo. Royal Caribbean kwa upande wake haitozi kuteleza juu ya mawimbi ya FlowRider wala maonyesho ya barafuni, ingawa maonyesho yanahitaji kuweka nafasi.

Mkiani: kifurushi cha vinywaji

Piga hesabu kabla ya kushawishika. Tuseme kifurushi kinauzwa dola 80 kwa siku. Ongeza ada ya huduma ya asilimia 18, inayotozwa na Royal Caribbean, na sasa ni dola 94.40; kwa siku 7 ni dola 660.80 kwa mtu mmoja. Kokteli ya dola 14 pamoja na ada hiyo ni dola 16.52, kwa hiyo itakubidi unywe sita kila siku, pamoja na siku unazoshinda ufukweni, ndipo upate faida. Norwegian hutoza ada ya asilimia 20, na Carnival huweka kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24. Baya zaidi, mtu mzima mmoja chumbani akinunua kifurushi cha pombe, Royal Caribbean huwataka watu wazima wengine wa chumba hicho wakinunue pia, hata kama mwenzake hanywi ila soda. Kifurushi cha vinywaji visivyo na pombe ni nafuu na kinaweza kumfaa mpenzi wa kahawa nzito na juisi za kukamua, lakini maji, chai na juisi za asubuhi tayari ziko mezani bure.

Kuhusu wakati wa kununua, bei za mtandaoni kabla ya safari kwa kawaida huwa chini kuliko za melini, nazo hupanda na kushuka. Royal Caribbean inaruhusu kughairi na kununua upya bei ikishuka kabla ya safari kuanza, kwa hiyo nunua mapema kisha uendelee kuchungulia. Ukishapanda, angalia saa ya mwisho ya kughairi meza yako, kwa kuwa kampuni nyingi humtoza asiyetokea kana kwamba amekula.