Mgahawa wa Kithai: Supu Yazishinda Tambi

Walaji wamegawanyika kuhusu mgahawa huu wa Kithai, nami nimo miongoni mwa wanaousifu, ingawa si kwa kila sahani. Supu ya tom yum ililetwa ikifuka mvuke, mchaichai ukiwa umepondwa vizuri, na uchachu wa ndimu ukaitangulia pilipili ulimini kama inavyotakiwa. Mchuzi wa kijani ulikuwa na tui zito lililotoa mafuta juu, dalili kwamba mpishi alilikaanga pamoja na viungo badala ya kulimimina mwishoni. Tambi za pad thai, ambazo wengi huzilalamikia, kweli zilizidi sukari na ukwaju haukusikika kabisa. Wahudumu ni wachangamfu. Hata hivyo, ukitaka pilipili kidogo, sisitiza mara mbili.