Koti la mbwa la kuzuia mvua na upepo, nimelitumia Dartmoor winta nzima

Kwa wenye haraka: kama mbwa wako ana manyoya mafupi na unamtembeza sehemu za wazi zenye upepo mkali, nunua. Kama una haski au mbwa yeyote mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili, hela yako kaa nayo, huyo hahitaji.

Mi natembeza mbwa wawili Dartmoor, huku Devon kusini magharibi mwa Uingereza, mmoja ni whippet (mbwa mwembamba wa mbio, manyoya mafupi) anaitwa Kito na mwingine spaniel mzee (mbwa wa manyoya marefu) anaitwa Shaba. Kwa ambao hamjafika, Dartmoor ni nyanda za juu ambazo sehemu kubwa hazina mti, ni majani, hetha (vichaka vifupi vya porini), vinamasi na vilele vya miamba ya granaiti, na kilele kirefu kuliko vyote ni High Willhays, mita 621. Sio mrefu kihivyo, ila upepo wa Atlantiki unafika pale na nguvu zake zote, na mji wa Princetown ulio katikati unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Winta mvua ya kule inakuja kwa ubavuni jamani, saa nyingine imechanganyika na theluji, saa nyingine ni ya mawe kabisa. Makoti mengi ya mbwa yanashindwa hapo kwa sababu yameshonwa kwa ajili ya mvua ya kutoka juu, yanafunika mgongo tu kama kitambaa cha meza halafu kifua na tumbo vyote viko nje.

Hapo ndo hili koti liliponikosha. Lina kipande kipana kinachopita chini ya kifua mpaka karibu na mapaja ya nyuma na kufungwa ubavuni. Whippet tumboni hana manyoya ya maana, ngozi iko karibu tupu, kwahiyo akipita kwenye majani marefu analowa kuanzia chini hata kama mvua imekata zamani. Na mbwa akishalowa halafu upepo umpige, joto linamtoka haraka sana, maana manyoya yanamkinga kwa ile hewa iliyonaswa katikati yake, maji yakiingia hewa inatoka na kinga imeisha. Kabla ya hili koti Kito alikuwa tukifika tu juu anaanza kutetemeka, mgongo kaupinda, mkia kaubana katikati ya miguu, anasimama na hasogei. Sasa hivi anakimbia mwanzo mwisho, nikipenyeza mkono chini ya koti nakuta tumbo kavu na lina joto. Kwangu mimi hiyo peke yake inalipa pauni 65 nilizotoa.

Kitambaa lebo inasema milimita 10,000, maana yake kwenye vipimo kinahimili safu ya maji ya mita 10 kabla hayajaanza kupenya, na kwa matumizi yangu naamini, sijaona maji yakipita kwenye kitambaa chenyewe. Ila usikioshe na ile dawa ya kulainisha nguo, inaharibu ile kinga ya juu inayofanya matone yateleze, koti linaanza kunywa maji na kuwa zito.

Kingine nachokipenda ni tundu la mgongoni la kupitishia kamba, unamvalisha hanesi (mikanda ya kifuani) ndani na kamba inatoka juu bila koti kuinuka. Kwa Dartmoor hiyo sio anasa. Kuna kondoo na farasi wadogo wanaozurura mwaka mzima, sheria inataka kamba fupi kuanzia Machi 1 mpaka Julai 31 na karibu na mifugo wakati wowote, na winta kondoo jike wengi wana mimba, mbwa akiwafukuza tu hata bila kuwang'ata mimba zinaweza kuharibika. Tafadhali sana hilo tusilichezee. Rangi ya chungwa nayo imekaa vizuri, ukungu ukishuka kule unashuka kweli, mbwa wa kijivu kama Kito anapotea mbele ya macho yako, lakini lile chungwa bado naliona. Desemba jua linazama kama saa kumi na robo jioni, na ule utepe unaong'aa ukimulikwa na tochi upo, ila mwembamba mno, mi nimemuongezea kola ya taa.

Sasa ubaya. Velkro! Kwanini koti la porini lifungwe kwa velkro mimi sielewi, inashika vijiti vya hetha, inashika manyoya, inashika matope, katikati ya safari upande wa tumbo unaanza kuachia na upepo unaingia humo humo, koti linapepea na kupiga kelele, mbwa anashtuka. Bakli mbili za plastiki zingemaliza kesi. Mi natembea na kichana kidogo mfukoni cha kuisafisha.

Kwa Shaba halijafaa kabisa. Spaniel yule akiona kinamasi anaingia mpaka shingoni, maji yanaingilia kolani na yanabaki ndani, bitana inalowa, anabeba uzito wa bure. Yeye namwacha na manyoya yake, tukirudi kwenye gari namkausha na taulo na kumvalisha lile joho la taulo, anapona haraka kuliko akiwa na koti bichi. Na miguu hakuna koti linaloisaidia, theluji inaganda vidonge katikati ya vidole, lazima usimame uitoe.

Kwahiyo kwa Kito nyota nne, kwa Shaba mbili.

Ukiagiza usifuate urefu wa mgongo peke yake kama chati yao inavyosema, pima pia kifua pale nyuma tu ya miguu ya mbele, whippet kifua kimeshuka sana. Ukiangukia katikati ya saizi mbili chukua kubwa halafu kaza mikanda, ile ndogo inabana kwapani, na wiki za kwanza mchunguze kwapa kila mkirudi, ukiona pamekuwa pekundu rudisha wabadilishe.