Kupimwa Makuzi ya Mtoto Mombasa: Mpimaji Hodari, Picha za Ugenini

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa miezi 19 kupimwa makuzi katika kituo kimoja cha binafsi hapa Mombasa, kwa kuwa anatembea vyema na hupanda kila kiti cha nyumbani, ilhali maneno yake hayazidi manne. Mkwe wangu alishikilia kwamba babake mtoto naye alichelewa kusema, basi tungoje. Daktari wa kliniki akaona tusingoje. Ada ni shilingi 7,500 kwa kikao cha saa moja na nusu, na ripoti hutolewa baada ya wiki moja.

Sifa kubwa apewe mpimaji. Kabla ya kumgusa mtoto alifungua kitabu cha kliniki, akaona kuwa alizaliwa katika wiki ya 32, akaondoa wiki 8 zilizopungua kufikia 40 na kuandika miezi 17, kwa sababu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupimwa kwa umri uliorekebishwa mpaka afikishe takribani miaka miwili. Karani wa mapokezi alikuwa amejaza 19 pasipo kuuliza lolote, na kama fomu yake ingefuatwa, mwanangu angeonekana yuko nyuma kuliko alivyo. Kisha mpimaji aliketi mkekani, akamtazama akipanga vitofali vya mbao, akiokota punje ya mahindi kwa kidole gumba na cha shahada, akigeuka alipoitwa jina kutoka nyuma. Alificha kijiko chini ya kikombe. Mwanangu akakifunua, akakitia kinywani, halafu akaninyooshea nionje nami. Mpimaji alitabasamu na kuandika mstari mrefu, maana mtoto kumshirikisha mwenzake katika kile kinachomfurahisha ni jambo linalotazamwa sana pale usonji, hali inayoathiri mawasiliano na uhusiano wa mtoto na wengine, unaposhukiwa. Hata maswali 20 ya dodoso la usonji aliniuliza kwa Kiswahili cha kawaida, na kila nilipojibu "ndiyo" kwa haraka aliniomba mfano.

Nilikiri kwamba mwanangu hakutambaa kabisa. Alisimama dede siku moja, akaanza kutata. Mpimaji hakushtuka. Alinieleza kwamba utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi tano, Oman ikiwemo, na kutolewa mwaka 2006, uliwakuta watoto kama 4 katika kila 100 ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti, na kwamba watoto wenye afya huanza kutembea peke yao wakati wowote kati ya miezi 8 na 18 hivi.

Kasoro ilijitokeza kwenye lugha. Kadi za picha zilikuwa na peasi, glovu za sufu na kigari cha kuteleza kwenye theluji, vitu ambavyo mwanangu hajapata kuviona. Alipoonyeshwa peasi alisema "embe", jibu ambalo mimi ningelipa alama mbili, akapewa sufuri. Baya zaidi, "madzi", neno la Kigiriama alilofundishwa na bibi yake, huyo mkwe wangu, na ambalo hulitumia kutwa akitaka maji, halikuhesabiwa, kwa hiyo ripoti ikasema ana maneno matatu. Haya yanaudhi kwa sababu Kilifi, kilomita 60 tu kutoka hapa, mtafiti Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 tathmini ya kipimo chao cha miondoko na uratibu wa macho na mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, na orodha ya maneno ambayo mzazi huulizwa imekwisha kutayarishwa kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Sioni udhuru wa kuagiza picha za theluji.

Ripoti yenyewe ina kurasa sita za Kiingereza cha kitabibu, ikasomwa mbele yangu kwa dakika kumi, na kuhusu la kufanya nyumbani ina sentensi moja. Hata hivyo pendekezo lake la kwanza, kwamba masikio yapimwe kabla ya jambo lingine lolote, ndilo lililonifanya nisijutie ada: kipimo kilionyesha majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, na sasa tunafuatiliwa na daktari wa masikio.

Kituo kimetupangia kurudi baada ya miezi mitatu. Nimeomba mpimaji yule yule, na safari hii mkwe wangu atakuwepo chumbani, ili "madzi" yahesabiwe.