Uzoefu wangu na Trello: wazo la dagaa lililokaa mwaka mzima kwenye kaunta buku

Habari zenu wadau. Mi ni mpiga video hapa Kigoma mjini, kazi inayonilisha ni harusi, sendofu na mahafali, ila moyo wangu upo kwenye filamu fupi za maisha ya watu wa huku kwetu Ziwa Tanganyika. Wenye kazi kama hizi mtanielewa, mawazo hayajawahi kuwa shida. Nina kaunta buku ya kwaya tatu imejaa mpaka kwenye kava, mafundi wa mitumbwi wamo, meli ya Liemba imo, abiria wa treni wamo, embe za Ujiji zimo. Na mpaka katikati ya 2024 humo ndani hakukuwa na hata wazo moja nililolimaliza.

Kilichoniamsha ni dagaa. 2023 nilimuahidi mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi kwamba nitakuja kupiga filamu ya usiku mmoja, kuanzia taa zinapowashwa kule majini mpaka asubuhi dagaa wakiwa juani. Mama akafurahi, akanitafutia mpaka chombo cha kupanda. Nikasema mwezi ujao, mara harusi ikaingia, mara maiki ikaharibika, mara giza likapita, maana wavuvi wa huku wanavua kwa taa na mbalamwezi ikiwaka sana dagaa hawaifuati taa vizuri, so vyombo vinapumzika. Kuja kushtuka ni Mei 2024 na ziwa linafungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ili samaki wapate kuzaliana. Nikashuka Kibirizi nikakuta vyombo vimevutwa nchi kavu, vichanja vitupu, yule mama amekaa na wenzake anasuka ukili. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, sisi tulikusubiri." Hivyo tu. Hakuwa na hasira hata kidogo na ndio maana iliniuma.

Wiki hiyohiyo nikapakua Trello, apu ya kupangia kazi. Kuna apu nyingine nilishawahi kuilipia kabla, jina siitaji, ilikuwa na mambo mengi mpaka nikawa natumia jioni nzima kupanga rangi badala ya kufanya kazi. Hii ni nyepesi. Unafungua bodi, ndani unaweka safu, kwenye safu unaweka kadi, kadi unaiburuta kwa kidole kutoka safu moja kwenda nyingine, basi. Safu unazipa majina mwenyewe, za kwangu ni Mawazo, Inafanyika, Imekwama, Imekwisha. Trello yenyewe ipo tangu 2011 na 2017 ilinunuliwa na Atlassian, ila mtindo wa kadi ni wa zamani zaidi, ni wa Toyota kule Japani, kiwandani kadi ndio ilikuwa inasema sehemu gani inahitaji vifaa ili mtu asitengeneze vitu vikalundikana bila kazi. Niliposoma hilo nikaiangalia ile kaunta buku yangu, nikaona huo ndio ugonjwa wangu, mlundikano.

So nikajiwekea sheria, kwenye Inafanyika kadi haziruhusiwi kuzidi mbili. Apu haikulazimishi, ni mimi mwenyewe, lakini ukishaziona mbili zimekaa pale na unataka kuingiza ya tatu inabidi uchague ipi itoke, na hapo ndipo unajua kipi unakitaka kweli. Kwangu huu ndio uzuri wote wa kitu hiki, mengine ni ziada.

Kosa la mwanzo, kadi niliiandika "Filamu ya dagaa", ikakaa wiki tatu haijasogea. Ilikuwa kubwa mno, ukiiangalia hujui ushike wapi. Nikaivunja ndani yake kuwa orodha ya kutiki: kumpigia nahodha, kutafuta betri mbili za ziada, mfuko wa nailoni wa kufunika kamera, kwenda siku moja bila kamera kusikiliza injini ina kelele kiasi gani, kumuuliza mama wanaanza kuanika saa ngapi. Kila moja ni ya nusu saa au simu moja. Wiki mbili nimetiki zote wakati ziwa bado limefungwa!

Afu deti. Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, ukajaa tarehe 19, so kadi nikaiwekea 3 Septemba maana giza ndio hilo, na ya akiba 2 Oktoba. Usiku wa tarehe 3 nilikuwa kwenye chombo. Kule katikati ya maji mtandao hamna lakini apu inafunguka, unatiki na kuandika, ukirudi kwenye mtandao inajipeleka yenyewe. Nilikuwa natiki picha moja moja kwa kidole kilicholowa: taa zinawashwa, wavu unashuka, wavu unapanda. Ile wavu unapanda sitaisahau, dagaa wanametameta chini ya taa kama mtu amemwaga sindano, na hakuna mtu anayeongea.

Kuediti ndiko nilikokwama, na safu ya Imekwama nimeiongeza kipindi hicho. Sheria yake ukiweka kadi pale lazima uandike nini kinaikwamisha. Nikaandika "kina mama wanaongea Kiha, mi Kiha changu hakitoshi". Nilivyokiona kimeandikwa jibu likaja palepale, dada yangu mmoja yupo Kasulu, nikamualika kwenye bodi, akawa anaandika tafsiri kwenye kadi usiku watoto wakilala. Novemba filamu ikaisha, dakika 14.

Mambo ya kujua kabla hujaanza. Natumia akaunti ya bure na inanitosha, bodi zisizozidi kumi na faili moja lisizidi MB 10, kwahiyo video zangu zinakaa kwenye diski, kule naweka maandishi na picha ndogo tu. Bando haili sana. Kama kazi zako ni za siku moja zinaisha, kaunta buku inatosha, na hata mi bado naitumia, wazo likija ghafla naliandika kwa kalamu kwanza, Jumapili ndio nachagua lipi lihamie kwenye bodi. Mengi hayahami na siku hizi hainiumi.

Imekwisha ina kadi tatu sasa. Kwenye Inafanyika ipo ya mafundi wa mitumbwi na nyingine imeandikwa "Fleshi ya mama Kibirizi", anataka nakala yake awaonyeshe wajukuu. Kesho asubuhi nashuka nayo.