Masomo sita ya kuirudia nguzo baada ya kuvunjika mkono

Nawaandikia wale waliowahi kufungwa plasta, wakafunguliwa, kisha wakaogopa kuurudia mchezo wao. Mchezo wangu ni dansi ya nguzo, hapa Nairobi, mwaka wa nne huu. Mkono uliovunjika ni wa kushoto. Ninayoisifu ni huduma moja tu: masomo sita ya mtu mmoja na mwalimu, saa moja kila somo, niliyolipia shilingi 13,000 kwa pamoja. Somo mojamoja ni 2,500.

Studio sitaitaja jina. Haina kibao mlangoni, wanafunzi wengi hawapendi jamaa zao wajue, na mwalimu hupokea watu walioletwa na wenzao. Muulize yeyote anayecheza nguzo pande za Kilimani, atakufikisha.

Na ijulikane mapema kwamba si nguzo iliyonivunja. Mama yangu kule Kisauni, Mombasa, hadi leo haamini. Nilipompigia simu akasema, "Mwanangu, si nilikwambia?" Ni ngazi za nyumba ninayopanga, mwezi wa Aprili, zimetoka kupigwa deki. Niliteleza nikatanguliza kiganja. Mfupa ukakatika juu kidogo ya kifundo, upande wa dole gumba. Kwenye karatasi daktari aliandika neno moja, Colles. Baadaye nilisoma kwamba ni jina la daktari wa Ireland, Abraham Colles, aliyeueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Mfupa ulikuwa ndani ya mkono wa mtu, na yeye hakuwa na mashine ya kumwonyesha. Habari hiyo ilinikaa kichwani, na mtaona kwa nini.

Plasta nilikaa nayo wiki sita. Ilipokatwa, mkono uliotoka humo sikuutambua: mkavu, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, mwembamba. Niliupima kwa futi ya fundi cherehani nikaona umepungua sentimita 2 kuliko wa kulia. Nikauliza nifanye nini sasa. Nikaambiwa, "Uutumie tu polepole." Hospitali hiyo sina ugomvi nayo kuhusu mfupa, umeunga vizuri. Lakini "polepole" haimwambii mtu aanzie wapi.

Nilianzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, miezi miwili. Kukamua taulo lenye maji, kuminya donge la unga, kugeuza kiganja juu na chini huku nimeshika mwiko. Jikoni ndiko nilikojua ninaendelea. Ugali wa watu wawili niliweza kuusonga mwezi wa Julai. Nazi nzima, nimekaa juu ya mbuzi, nikaikuna bila kupumzika mwezi wa Agosti, nami nikalia palepale, machicha yamejaa mapajani. Anayejua kukuna nazi anajua kifundo kinavyozungushwa. Jioni hiyo nikamwandikia mwalimu.

Sasa kuhusu masomo yenyewe.

Kila somo huanza kwa swali lilelile: "Dada, mkono umeamkaje leo?" Ukimjibu "mzima tu" hatosheki. Anauchukua, anakibonyeza kifundo pande zote kwa dole gumba, anakikunja kiganja kuelekea nyuma mpaka pale kinapogoma, na muda wote huo ananitazama usoni, si mkononi. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule daktari wa mwaka 1814. Mwalimu huyu si daktari na hajidai. Kabla hajapokea pesa yangu alitaka aone barua ya daktari inayosema mfupa umeunga na naruhusiwa kuutilia uzito. Walimu wawili niliowaandikia kabla yake hawakuuliza hata ni mkono upi.

Somo la kwanza mkono wa kushoto haukugusa nguzo kabisa. Alileta mizani, ile ya kujipimia uzito bafuni, akaiweka juu ya stuli. Akaniambia niikandamize kwa kiganja cha kushoto, taratibu, na maumivu yakianza tu niache. Ikasoma kilo 9. Wa kulia ukafika 31 nikiwa bado nina nguvu. Akaandika daftarini. Kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka mitatu ya madarasa ya kundi sikuwahi kuelezwa. Ukipinduka ukaishika nguzo kwa mikono miwili, mmoja juu mmoja chini, wa juu unavuta na wa chini unasukuma. Huo wa chini ndio unaobeba mzigo huku kifundo kimekunjwa. Mkono wangu wa chini, tangu nianze mchezo huu, ni wa kushoto. "Mkono wa kilo 9," akasema, "haumsukumi mtu wa kilo 62."

Basi muda wote uliobaki tulifanya miguu. Kukaa kwenye nguzo kwa mapaja, mikono hewani. Kujilaza nyuma nimebana kwa mapaja tu. Nilikuja nimejiandaa kuambiwa nirudi baada ya mwezi, nikaondoka na mapaja mekundu yanayowaka, na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Aprili.

La pili na la tatu lilikuwa kupanda. Badala ya kushika kwa kiganja, mkono wa kushoto uliikumbatia nguzo kwa ndani ya kiwiko, kifundo kimenyooka, hakibebi kitu. Hupandi juu sana hivyo, na ngozi ya hapo ndani ya kiwiko ni laini, inauma. Lakini unapanda. Mizani: kilo 13, kisha 16.

Niseme kidogo juu ya nguzo zake, maana kwa mkono mgonjwa zina maana kubwa. Ziko nne. Tatu ni za shaba ya njano, unene wa milimita 45, na moja ya zamani iliyopakwa kromu, milimita 50. Tofauti ya milimita 5 ukiisikia kwa maneno ni kama si kitu. Ukiwa na vidole ambavyo havijafunga vizuri, ni tofauti ya kushika na kutoshika. Shaba nayo hunata kuliko kromu ukianza kutoka jasho. Ukiweza kuchagua, chagua shaba nyembamba. Kila nguzo ina skrubu: ukizikaza inasimama, ukizilegeza inazunguka yenyewe. Nilidhani inayozunguka ndiyo itakayoniumiza. Kwangu ilikuwa kinyume. Kwenye iliyosimama kiganja hulazimika kuteleza kuizunguka nguzo huku kimebeba mwili, na kule kusuguana kunakisokota kifundo. Kwenye inayozunguka mkono unabaki ulipo. Tukaanzia huko, mwendo mdogo, yeye akiishika nguzo kwa chini isije ikashika kasi, kwa sababu kasi ikipanda nayo huanza kukuvuta nje.

Kuna mambo mawili ya vifaa. Nilinunua duka la dawa soksi ya kifundo, ile ya kitambaa cha kuvutika inayofunika mpaka nusu ya kiganja. Usiinunue kwa kazi hii. Kitambaa hakishiki chuma, kinateleza, na kuteleza ndicho kitu cha mwisho unachokitaka. Mwalimu aliivua akanifunga mkanda mwembamba kifundoni tu, kiganja kikabaki wazi. Kwa jasho alinitilia matone mawili ya Dry Hands. Si gundi, inakausha tu viganja, na kwangu ilitosha.

La pili ni mafuta. Sisi wa pwani bila mafuta ya nazi hatutoki nyumbani, na ngozi iliyotoka kwenye plasta inayalilia. Lakini nguzo haitaki mafuta, yako wala ya aliyeishika kabla yako. Nilipata suluhu ya kujipaka usiku na kuoga kwa sabuni asubuhi, halafu mwalimu anaifuta nguzo kwa spiriti kati ya kila zoezi. Harufu ile ya spiriti sasa kwangu ni harufu ya kurudi.

Somo la tano, ule mzunguko wa zimamoto. Ni miongoni mwa mizunguko ya mwanzo anayofundishwa mtu, nimeufanya mara mia kadhaa maishani. Nilisimama mbele ya nguzo nikashindwa. Mkono ulikuwa na kilo 21, daftari linasema uko tayari, kifundo hakiumi, nami nimeganda. Nguzo ilikuwa baridi, asubuhi ya Nairobi, na ubaridi ule ulipogusa kiganja kwa ukamilifu, dole gumba upande huu na vidole vinne upande ule, moyo ulinienda mbio kama niko tena kwenye zile ngazi. Mwalimu hakunihimiza. Alikwenda kuketi kwenye godoro, akasema, "Nguzo haina haraka, na mimi nimelipwa saa nzima." Dakika kama kumi nilizunguka kwa kutembea tu. Nikahesabu hatua: tatu, mguu wa ndani, wa nje. Kisha miguu ikapanda yenyewe, magoti yakabana, nikazunguka mara moja na nusu nikashuka nimesimama. Alipiga makofi mara moja tu. Tulirudia mara nne, akanikataza ya tano.

Kwa kukataza huko nampa sifa kubwa kuliko yote. Mwili ukishafurahi haujui kuacha.

Si kila kitu ni kizuri pale. Asubuhi chuma huwa cha baridi mno na hakuna cha kupasha chumba, kwa hiyo dakika za mwanzo unateleza hata ukiwa mzima; chukua nafasi za jioni ukizipata. Magodoro mazito ni mawili kwa nguzo nne. Na madarasa ya kundi ya studio hiyohiyo siwezi kuyapendekeza kwa mtu anayetoka kwenye mvunjiko. Nilijaribu moja kati ya somo la nne na la tano, na mwalimu mwingine aliyeshika zamu, mbele ya watu tisa, akaniambia, "Jaribu tu, ukiogopa ndipo utaanguka." Nilivaa viatu nikaondoka. Shilingi 1,200 zilikwenda, na sizijutii.

Bei ya masomo ya mtu mmoja si ndogo, najua. Niliacha teksi za programu miezi miwili nikapanda matatu ili nipate pesa hizo. Ukiwa na masomo sita tu, yaachie wiki moja moja baina yake. Mkono hujengeka siku zile usizokwenda studio.

Somo la sita mizani ilisoma 24. Kupinduka bado, mikono juu na chini bado, na ule mshiko wa kusokota mkono wa juu ameniambia nisiuulize kabla ya Aprili ijayo. Nimelipia manne mengine. La kwanza ni Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni.