Kwani Unakimbizwa na Nani?

Nilikwenda kwenye kituo kile cha fiziotherapia nikiwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hata daftari langu la mbio nilikuwa nalo mkobani: siku nilizokimbia, kilomita, barabara, viatu. Niliulizwa swali moja tu, na mwulizaji hakuinua macho kwenye faili alipoliuliza: “Kwani mama, unakimbizwa na nani?” Kisha akacheka, na dada wa mapokezi aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka naye. Nina miaka 46, nilikuwa nimelipia vipindi kumi kwa mkupuo, na nilifika pale nikichechemea. Nilifuata tiba ya goti, sikufuata utani wa kijiweni.

Jina la kituo sitaliandika, kwa sababu nitakayoieleza mbele, ingawa nikikikumbuka kile kicheko huwa natamani kulibandika kwenye nguzo za umeme kuanzia Mwenge hadi Posta.

Anayekimbia anayajua maumivu haya. Kilomita tatu za kwanza humwoni adui yeyote. Ya nne unahisi joto dogo upande wa nje wa goti. Ya tano ni kama mtu anakuchoma kwa sindano ya gunia kila mguu unapotua. Ukitembea yanatulia, ukikimbia yanarudi. Mimi yalinishika Moshi, kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro, tena si wakati wa kupanda kuelekea Mweka, ambako niliwapita vijana kadhaa, bali wakati wa kuteremka, pale ambapo wenzangu wote walikuwa wanaachia miguu. Niliingia uwanjani kama kuku aliyefungwa kamba. Nikapumzika wiki tatu, nikarudi barabarani, nayo yakarudi. Nikapumzika tena, yakarudi tena, na ndipo nikaamua kutafuta wataalamu.

Mtaalamu mwenyewe, bwana wa makamo mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, alibonyeza mbele ya goti, mahali ambapo sikuwa nimesema pananiuma, akatamka kwamba ni mishipa, akanilaza nyuma ya pazia na kunibandika vipande vya mashine ya umeme. Kimoja kilikuwa kimeisha gundi, akakishikiza kwa plasta, kisha akaondoka. Kwa dakika ishirini paja langu lilirukaruka kama samaki aliyetolewa majini, huku nikimsikia upande wa pili wa pazia akibishana kwa simu na fundi wake kuhusu mifuko ya saruji, iliyopaswa kuwa arobaini na ikahesabiwa thelathini na sita. Vipindi sita vilikwenda hivyo, na hadi leo naijua nyumba yake kuliko yeye anavyolijua goti langu. Nyumbani nilitakiwa kusugua ubavu wa paja kwa chupa ya soda ili “mshipa ulegee”. Nikasugua kwa utiifu mpaka paja likafanya madoa meusi, mume wangu akauliza nimegongwa na bodaboda gani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tatizo lenyewe si geni hata kidogo. Upande wa nje wa paja kuna ukanda mpana wa tishu ngumu unaotoka nyonga na kushikamana na mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Maumivu ya mahali unapopita kando ya goti yalielezwa katika jarida la udaktari mwaka 1975, baada ya kuonekana kwa askari wa Marine wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba ukanda huo unasugua mfupa kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2006 wataalamu wa anatomia walionyesha kwamba umeshikizwa kwenye mfupa wa paja na hauwezi kuteleza namna hiyo; unachofanya ni kugandamiza mafuta yenye neva nyingi yaliyo chini yake, goti likiwa limekunjwa kiasi cha nyuzi 30, yaani mguu ukiwa ndiyo kwanza unatua. Haya nimeyasoma mwenyewe usiku, kwa hasira. Sasa mtu aniambie chupa ya soda inalegeza nini hapo.

Kipindi cha saba yule bwana hakuwepo. Nadhani alikwenda kuhesabu saruji. Nikapokewa na mtarajali, binti mdogo tu, ambaye aliniamkia “Shikamoo mama” na kuvuta kiti akaketi. Aliliomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanionyesha kwamba ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimetoka kilomita 20 kwa wiki hadi 38, kisha akauliza nakimbilia upande gani wa barabara. Ule wa kulia, nikamwambia, ili niyaone magari yanayokuja. Akauliza lami ya pale imelalia wapi. Sikuwahi kufikiri: imelalia mtaroni, na mguu wangu wa kulia ulikuwa upande wa chini kila siku niliyokimbia.

Akanisimamisha kwenye kibao mbele ya kioo, akaniagiza niteremshe kisigino cha kushoto polepole hadi kiguse sakafu. Niliona kwa macho yangu nyonga ikishuka upande mmoja na goti la kulia likiingia ndani kama linaloona haya. Kisha nikalala ubavu na kuinua mguu, kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Wa kushoto niliinua mara ishirini bila taabu; wa kulia, ya tisa ilinishinda. Hakuwasha mashine yoyote. Alinikatia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nikifunge juu ya magoti na kutembea kwa upande, akanipangia kukimbia siku moja na kupumzika inayofuata, kwenye tambarare, kwa hatua fupi za haraka, na kuacha kabla goti halijaanza kunung’unika. Miteremko, akasema, iwe ya mwisho kabisa kurudi.

Baada ya miezi kama miwili nilikimbia kilomita kumi, nikavuka Daraja la Tanzanite na kurudi, bila sindano hata moja. Ni haki niseme kwamba kituo kile kiliniponya, na hiyo ndiyo sababu sikitaji. Tena nasikia yule bwana ni hodari kwa wagonjwa wa kiharusi, na huenda ni kweli, maana ndio wanaojaa pale asubuhi na sikuwahi kumsikia akiwacheka. Basi niseme ni mahali pazuri, ila si kwa mkimbiaji.

Nilipokwenda kumshukuru binti nikaambiwa muda wake pale umekwisha. Yule bwana akaniona, akaniangalia miguu, akasema kwa furaha: “Umeona sasa? Mashine imekusaidia!” Nimefuta yote niliyosema katika aya iliyopita. Kadi yangu ilikuwa na vipindi vitatu, nikaomba vihamishiwe kwa mama yangu anayeumwa mgongo, na dada wa mapokezi akanijibu kwamba havihamishiki. Nilitoka pale nikikimbia hadi kituo cha daladala, makusudi, nikijua wananiona dirishani.