Geji kabla ya nguvu: cha kununua kwanza kwa gari la tabo

Mtu akipata gari la michezo lenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), pesa yake ya kwanza huenda kwenye nguvu. Ananunua ramani mpya ya kompyuta ya injini (mipangilio inayoamua petroli, moto na presha), ekzosi pana, pengine na kidhibiti cha presha ya tabo. Geji inaachiwa mwaka ujao. Nimeona injini nzuri zikifunguliwa na kukutwa pistoni zimetoboka kwa sababu ya mpangilio huo, na wenye magari husema jambo lilelile: gari lilikuwa linakwenda vizuri tu. Hakukuwa na kitu ndani ya gari cha kuwaambia kwamba mambo yameharibika.

Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi kwa swali moja: kifaa kitakuonyesha nini katika zile sekunde mbili tatu za kukanyaga hadi mwisho, ambamo injini inaweza kufa? Rangi za taa na uzuri wa dashibodi sikuzipa alama.

Nafasi ya kwanza: geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, yenye sensa ya presha pembeni yake

Wengi wangeanza na geji ya presha peke yake. Mimi sianzi nayo, kwa sababu presha inaeleza tabo imesukuma hewa kiasi gani, lakini haisemi kama petroli ya kutosha imeifuata hewa hiyo. Pampu ya mafuta ikichoka au nozeli ikiziba, sindano ya presha itasimama palepale kwenye bar 1.2 kama jana, huku petroli ikipungua na joto la silinda likipanda. Geji ya mchanganyiko ndiyo itakayoonyesha kasoro hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Petroli ya kawaida huungua sawasawa kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Chini ya presha kamili, injini nyingi za tabo hutyuniwa ziwe na petroli zaidi ya hapo, karibu na 11 hadi 12, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza silinda na kuzuia noki, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Namba kamili ya gari lako muulize fundi aliyelityuni, uikariri. Siku ikipanda ghafla ukiwa umekanyaga, inua mguu kwanza, maswali baadaye. Kama unatumia mafuta yenye ethanoli nyingi, chagua geji inayoweza kuonyesha lamda (kipimo ambacho 1 ni mchanganyiko ulio sawasawa kwa mafuta yoyote), maana 14.7 ni hesabu ya petroli, na kwa E85, mafuta ya ethanoli nyingi, namba hiyo hushuka hadi karibu 9.8.

Usidhani sensa ya oksijeni iliyokuja na gari la zamani inatosha. Nyingi za zama hizo hujua tu kama uko juu au chini ya 14.7, na hapo katikati ya 11 na 13, ambapo maisha ya injini yanaamuliwa, haziwezi kutofautisha. Unahitaji sensa ya wigo mpana. Ninayopendekeza itafutwe ni Bosch LSU 4.9, kwa sababu geji nyingi za heshima zimejengwa juu yake, nawe utahitaji kuibadilisha siku moja. Sensa hizi huchakaa. Ifungwe kwenye bomba la moshi baada ya tabo, ikiwa imeinama angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji ya mvuke yasikae ndani yake. Na isiachwe kwenye ekzosi bila umeme huku injini inaunguruma, kwani masizi huimaliza.

Zipo geji zinazosoma mchanganyiko na presha kwa pamoja na kutoa ishara ya kukata presha mchanganyiko ukienda vibaya. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, nunua hicho.

Nafasi ya pili: kifaa cha mkononi cha kubadili ramani

Hapa nazungumzia vitu kama COBB Accessport, ambacho huchomekwa kwenye soketi ya OBD2 (ile ya kupimia kompyuta ya gari), huandika ramani mpya ndani ya kompyuta ya gari, kisha hubaki kuwa geji. Toleo la V3 huonyesha vipimo hadi sita kwenye kioo kimoja na kurekodi safari nzima. Thamani yake kubwa ni kwamba kinasoma mambo ambayo geji ya kawaida haiwezi kuyafikia: kompyuta imesikia noki mara ngapi, na imerudisha nyuma moto wa plagi kiasi gani. Kwenye Subaru nyingi kuna kipimo kiitwacho DAM. Kikikaa kwenye 1, kompyuta inaiamini ramani yake. Kikishuka, imesikia noki na imeanza kujilinda, na hiyo ni habari ambayo ningelipa kuipata.

Kama gari lako liko kwenye orodha ya kifaa cha aina hii, halijabadilishwa tabo wala nozeli, na limetoka kiwandani na sensa ya wigo mpana, basi kipandishe hadi nafasi ya kwanza bila wasiwasi. Nimekiweka cha pili kwa sababu kinategemea sensa za gari lenyewe. Sensa ya presha ya kiwandani ikifika mwisho wa uwezo wake, kifaa nacho kinaishia hapo.

Anayenunua kilichotumika awe macho: vifaa hivi hufungamana na gari moja, na mwenye nacho lazima akiondoe kwenye gari lake kabla ya kuuza. Omba uone kwenye kioo chake kwamba kimeondolewa, la sivyo umenunua sanduku tupu.

Nafasi ya tatu: geji ya presha ya umeme

Sensa yake hukaa kwenye chumba cha injini, na waya peke yake ndiyo huingia ndani ya gari. Chagua yenye kumbukumbu ya kilele na king'ora. King'ora ni muhimu kuliko sindano, kwa kuwa wakati presha inaruka macho yako yanapaswa kuwa barabarani. Sensa ya bar 3 hupima presha kamili, ikiwamo ya anga, kwa hiyo inatosha kwa gari lisilozidi bar 2 kwenye geji.

Mpira wake wa hewa uanzie kwenye menifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), baada ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali. Ukiuunga kabla ya throto hutaona upande wa hasi, presha ikiwa chini ya ile ya anga, nao upande huo una habari nyingi: injini isiyo na kasoro ikiwa moto na inaunguruma taratibu bila kukanyagwa, kwa kawaida husoma karibu na bar -0.6 hadi -0.7. Ikianza kusoma hafifu kuliko ilivyozoea, mara nyingi kuna mpira uliopasuka mahali.

Jambo la mwinuko huwachanganya wengi. Usawa wa bahari, anga lina takriban kPa 101 (kPa 100 ni bar 1). Mita 2,000 juu, karibu kPa 80. Kompyuta inayolenga kPa 200 kamili ndani ya menifodi itakuonyesha bar 1 pwani na bar 1.2 mlimani, na huko mlimani tabo inakandamiza hewa mara 2.5 badala ya mara 2. Inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Ukiona namba imepanda huko, usikimbilie kufungua westigeti, ile vali inayopunguza presha ya tabo. Na usiongeze presha ili kufidia nguvu iliyopotea.

Nafasi ya nne: kifaa cha Bluetooth na simu

Ni rahisi kupatikana, na kwa kusoma misimbo ya hitilafu na joto la maji nakiheshimu. Kwa presha kina mipaka miwili. Kwanza, huuliza kompyuta kipimo kimoja kimoja, na kwenye magari ya zamani majibu huja machache kwa sekunde, ilhali presha inaweza kuruka na kurudi kabla ya swali linalofuata. Pili, kipimo cha kawaida cha presha ya menifodi kwenye OBD2 huishia kPa 255. Ukiondoa anga, hiyo ni kama bar 1.5. Juu ya hapo simu itaganda kwenye namba ileile hata kama tabo inaendelea kupanda.

Nafasi ya tano: geji ya mpira

Ni imara, haihitaji umeme isipokuwa wa taa, na sindano yake hujibu upesi. Lakini inaleta mpira wenye hewa ya menifodi, ambayo inaweza kubeba mvuke wa petroli, hadi mbele ya magoti yako. Ukipasuka, una uvujaji ndani ya gari. Ninaikubali kwenye gari la zamani tu, mpira ukiwa mpya na umefungwa kwa klipu pande zote mbili.

Ya mwisho: kisanduku cha kuongeza nguvu, bila geji

Visanduku vingi vya bei nafuu hukaa kati ya sensa ya presha na kompyuta, na kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, ili iongeze. Sasa fikiria mwenye kisanduku hicho anayetazama presha kwenye simu. Simu inasoma kile kompyuta inachoamini, na kompyuta imeshadanganywa. Anaona bar 0.9 wakati menifodi ina bar 1.2. Kama kisanduku tayari unacho, kichomoe leo, na usikirudishe mpaka uwe umefunga geji ya nafasi ya kwanza yenye sensa zake yenyewe.